Maelekezo kutoka Wete

Saa saba mchana, Mawaleh. Bomba la baridi
linatoa maji ya kunyonyolea kuku.
Shinuna yuko Wete kwa dada yake, wiki ya tatu sasa,
na mimi, Mbarouk, mstaafu wa posta,
nimesimama mbele ya blenda
kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Tikiti nimelinunua kwenye pikapu, karibu na mzunguko,
kwa kijana wa Barka aliyelala chini ya gari lake.
Aliamka, akalipiga kofi, akalitegea sikio, akatikisa kichwa,
akalipiga jingine. "Jihu hili," akasema, "hili linajibu."
Nikalipa riyali moja na nusu kwa tikiti linalojibu.
Nyumbani nimelisemesha kwa Kiarabu, nimelisemesha kwa Kiswahili;
limekaa juu ya meza, kimya, linatoka jasho.

Sauti ya kwanza kwenye simu, sekunde arubaini:
*Osha mikono. Najua hujaosha.*
Nyuma yake jogoo, na mtu anatwanga.
*Likate, uvitie vipande kwenye friza saa mbili,
wala usiniletee haraka zako.
Barafu ni maji, Mbarouk. Ukitia barafu
utakunywa maji yaliyotiwa rangi.*

Nikalikata. Lilipasuka lenyewe mbele ya kisu,
kraa,
kama lilikuwa na neno tangu Barka.
Saa mbili nikalala kitini. Kiyoyozi kikadondosha
tone, tone, ndani ya ndoo ya Shinuna ya kufulia.

Sauti ya pili: *Ndimu mbili, si tatu.
Tangawizi kipande cha ukucha.
Nanaa kachume kwenye chungu cha mlangoni,
kama bado i hai.*
Nikaenda kuitazama. Nusu i hai.
Nilikuwa naimwagilia maji ya bomba lile lile.
Hilo sikumwambia.
*Na chumvi, ya kufinya kwa vidole viwili.
Vidole vyangu, si vyako.*

Nikavitazama vyangu: vinene,
miaka thelathini vinagonga mihuri.
Nikafinya, nikapunguza, nikapunguza tena,
nikijaribu kukumbuka upana wa kidole
ambacho nimekivisha pete mwenyewe.

Juu ya kifuniko hakuna sauti iliyosema kitu.

Ukuta. Kanzu. Kalenda ya benki, mwezi wote wa Julai.
Sikio la kushoto.
Paka wa jirani dirishani aliondoka bila kuaga.

*Usichuje,* ikasema sauti ya tatu, imechelewa,
mtandao wa Wete una mambo yake.
*Kichujio ni cha watu wasioaminiana.
Izungushe mara tatu tu, uiache. Mbegu zitazama zenyewe.
Ukizisaga itakuwa chungu, na utasema ni tikiti.*

Nikaanza upya na nusu iliyobaki.
Mara tatu. Nikaiacha.
Povu likapanda, zito, rangi ya ufizi wa mtoto,
na mbegu moja moja zikashuka,
hazina haraka, kama abiria wa mwisho.

Nikanywa nimesimama.
Baridi ilinishika kwanza nyuma ya macho,
halafu ndimu, halafu nanaa ile mgonjwa, ikijitahidi;
na mwisho kabisa, mbali, chumvi,
kama umeitwa jina lako kutoka chumba kingine.

Nikabonyeza kitufe nikasema: "Iko sawa."
Miaka arubaini na moja, hilo ndilo lililonitoka.
Akanirudishia kicheko, dada yake naye akicheka nyuma:
*Sawa gani? Ya kunywa au ya kumwagia maua?*

Jioni nilisugua ukuta kwa sabuni na siki.
Nimeacha tone moja, juu ya swichi ya taa,
ukubwa wa harage, limeshakauka.
Atarudi Alhamisi ijayo. Ataingia, atawasha taa,
na kabla hajavua buibui atauliza:
"Mbarouk, hii nini?"

Jibu ninalo. Sitalitoa upesi.